Ati Nairobi mpaka New York ni masaa SABA? Huyu ajenti amenichosha

Wakuu nimetoka kwake sasa hivi na bado natetemeka. Yule jamaa wa tiketi hapa tao Kisumu, wa kaunta ya kioo kilichopasuka, mnamjua, sitaji jina. Nimeenda kumuuliza kwa heshima mbona alitudanganya, akanijibu mbele ya laini nzima, "Kwani mama alikuwa anakimbilia wapi?"

Mamangu! Miaka 71, ana sukari, na mtu anauliza alikuwa anakimbilia wapi!

Siku ya kulipa alishika bairo akagonga karatasi, inatoka JKIA saa tano usiku, inatua JFK saa kumi na mbili asubuhi, akahesabu na vidole, "saba tu mama, ni kulala na kuamka." Mtu ameuza tiketi tangu enzi za Nuhu na hajui msimu wa baridi New York iko nyuma yetu masaa 8? Saba na nane ni KUMI NA TANO. Ni karibu kilomita 11,800, hata ndege ikichapa 900 kwa saa hiyo ni 13 bila upepo, na ukienda huko upepo wa Atlantiki unakupiga usoni, ndio maana kurudi huwa afadhali.

Masaa saba yalipoisha mama akavaa viatu, akafunga leso, akaweka mkoba mapajani akangoja kushuka. Atlantiki yote bado iko mbele! Alikaa hivyo wima hadi mhudumu akamwonea huruma akamweleza. Miguu imefura kama mihogo. Halafu ati alikuwa anakimbilia wapi.

jirani_wa_kondele: Pole kwa mama. Lakini hiyo simu umeandikia uzi haina gugo?

mwenye uzi: Nilimwamini, si ndio kazi yake? Na hata kama, unamjibu mtu hivyo? Anakimbilia WAPI?

omena_fresh: Hahaha alikuwa anakimbilia wajukuu

nyalenda_b: Huyo jamaa mimi aliniambia Kisumu–Nairobi ni dakika 50. Kweli ni 50, ila hakusema nitangoja begi muda mrefu kuliko hiyo safari yenyewe.

wa_nakuru: Nyinyi mna raha, mnalia juu ya ndege. Ijumaa nimetoka Nairobi saa nane mchana nikaingia Nakuru saa tano usiku. Kilomita 160, masaa tisa! Trela lililala katikati ya barabara huko Kinungi.

omena_fresh: Masaa tisa na wewe ungekuwa Atlantiki saa hii

mwenye uzi: Jameni tunaongea juu ya mamangu hapa

nyalenda_b: Hilo trela nililiona! Lilikuwa limebeba nini?

wa_nakuru: Vitunguu. Nilipata nusu gunia.

jirani_wa_kondele: Unauza?