Nyumba ya Langoni: kitabu cha Ijumaa

*Jumanne*

Da Zuhura 20:14: Assalam alaykum. Ijumaa baada ya Isha sote darini kwa Bibi. Kila mtu asome tena kitabu alichokipenda utotoni, aje awahadithie watoto. Mimi nimemaliza Adili na Nduguze. Nani yuwaja?

Da Zuhura 20:31: Naona mumesoma. Mbona kimya?

Fatma 20:40: Waalaykum salaam. Mahamri yatakuwepo?

Omari 20:41: Na mbaazi za nazi 😋

Da Zuhura 20:43: Omari tulia. Udogoni tulikuwa twacheka wale manyani wawili wakichapwa kila usiku. Safari hii nimelia. Wale ni nduguze Adili, Hasidi na Mwivu, walimtosa baharini kwa wivu, na bado awachapa huku roho yamuuma, kwa kuwa jini ameamuru. Shaaban Robert aliyaandika 1952, lakini naona nyumba yetu mle.

Omari 20:45: Hasidi nani hapa, na Mwivu nani? 😂

Fatma 20:45: 😂😂 usiniangalie mimi

Kaka Athman 20:58: Umesoma kile cha Baba? Chenye doa la kahawa kwenye jalada?

Da Zuhura 20:59: Ndicho.

Kaka Athman 21:00: Kumbe kiko kwako. Na mimi nilipigwa kwa kukipoteza.

Da Zuhura 21:02: Kaka, hayo tuyaweke kwanza. Kurasa za mwisho zimeng'oka. Hapo Mombasa tununulie nakala tatu, wape watu wa basi waje nazo hadi Mokowe. Pesa tutachanga.

Omari 21:03: Mimi changu ni Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabuni, na kiko chake. Nalikuwa nikimfuata Ami sokoni na kijiti mdomoni, nampeleleza

Fatma 21:04: Mpaka akakutoa mbio na bakora 😂😂

Da Zuhura 21:06: Nakala jamani! Nani achanga?

Kaka Athman 22:20: Baba hakunisemesha mpaka Idi. Na hakuna hata mmoja wenu aliyefungua mdomo.

*Jumatano*

Salma 06:10: Bibi asema niandike hivi: Nimesomewa yote. Baba yenu akisoma pale dakani, Athman ndiye aliyekuwa akimshikia taa. Zuhura, kitabu mrudishie kakako mkononi, mbele ya watoto. Ndooni nyote.

Fatma 09:47: Tumesikia Bibi.

Da Zuhura 11:30: Haya Bibi. Nitamrudishia.

Da Zuhura 11:34: Kaka, waja mwenyewe basi? Na nakala jee?

Kaka Athman 13:05: Nitaomba ruhusa kazini, nione.

Omari 13:06: Mbaazi ni juu ya nani?

Ami Shee 18:52: Ijumaa hii au ijayo? Mimi niko Faza mpaka Jumamosi.