Tupeane uzoefu: kanda, MP3, FLAC... ulisikilizia nini, na nini kimekubakia?

MwanaWaKibokoni
Leo nimepita Mwembe Tayari nikaona mtu ametandaza gunia. Juu yake chaja kuukuu, rimoti, na Walkman moja, kile chombo kidogo cha kanda cha kubeba, ya rangi ya fedha, kifuniko kimeng'oka bawaba. Wa rika langu mnajua: barazani jioni, hedifoni moja, kila mtu sikio lake. Hebu tupeane uzoefu. Mlianza na chombo gani, mkahamia wapi, na leo nyimbo zenu mnaziweka kwa mtindo gani? Mimi zangu nyingi ni MP3 za zamani, nataka kujua nizigeuze ziwe FLAC, ile aina ya faili isiyotupa sauti, au nitulie.

FundiWaMakupa
Salaam. Umenigusa penyewe. Walkman ya kwanza ya Sony ilitoka Japani 1979, na zilipoanza kufika huku na mabaharia na watu waliotoka Uarabuni, wengi walikuja kuzifungulia kwangu. Ugonjwa wake mkubwa hapa pwani si mota. Ni ule mkanda wa mpira ulio ndani. Joto na unyevu wa Mombasa huuyeyusha ukawa lami nyeusi, inanata kwenye puli, na ikikushika vidoleni haitoki kwa sabuni. Dawa yake spiriti na pamba, puli moja baada ya nyingine, mpaka ing'ae, ndipo utie mkanda mpya. Usitie raba ya kufungia noti. Haivuti sawasawa, na sauti ya muimbaji itayumba wimbo mzima.

Na kanda zenyewe hazikuwa sawa. C60, yaani ya dakika 60, ndiyo kanda. C90 inakubalika. C120 utepe wake mwembamba mno, unanyooka, unaliwa na mashine. Waliorekodi taarabu kwenye C120 ili waokoe pesa ndio wanaoniletea utepe umefungwa kwenye mfuko wa karatasi.

MamaZuwena
Hapo kwa C120 umesema kweli fundi. Nilipoteza kanda nzima ya Bhalo, muimbaji wa taarabu, niliyonunuliwa duka la Mbwana Radio.

TuktukBamburi
Mimi wa juzi, kanda sizijui. Kazi yangu yote ni flashi. Nawapa elimu moja niliyoipata kwa shida. Nilinunua flashi ya 64 GB, nikajaza nyimbo, redio ya tuktuk ikasema hakuna kitu. Nyumbani kwenye kompyuta nyimbo zote zipo. Kumbe flashi za ukubwa huo hutoka dukani zimepangwa kwa exFAT, mpango wa kuhifadhi faili, na redio nyingi za gari zinajua mpango wa zamani, FAT32, tu. Ukiipanga upya kwa FAT32 inasoma vizuri.

La pili: redio nyingi hazipigi kwa alfabeti. Zinapiga kwa mfuatano ule ule wa kunakili faili. Ndiyo maana unapanga 01, 02, 03 na bado inaruka ruka. Futa zote, nakili upya moja baada ya nyingine kwa mpango unaotaka, itatii.

SikioLaNyali
Na hizo nyimbo za tuktuk ni kilobiti ngapi kwa sekunde? Maana zile za 128 zinazouzwa kwa flashi stendi zinaniumiza masikio. Fidla inakuwa na vumbi, tari inakuwa inamwaga maji. MP3 inafanya kazi kwa kutupa sauti ambazo inadhani hutazisikia kwa sababu zimefunikwa na nyingine. Kwa 128 inatupa nyingi mno, na mara nyingi inakata sauti nyembamba za juu kabisa, zilizo juu ya hezi elfu kumi na sita hivi.

TuktukBamburi
Kaka, na injini ya tuktuk, na honi, na abiria anabishana nauli, nani anasikia hezi elfu kumi na sita?

SikioLaNyali
Ndiyo sababu mji mzima umezoea sauti mbovu. CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde (ndizo sampuli), biti 16, kushoto na kulia, yaani kama kilobiti 1,411 kwa sekunde. Ukisikiliza 128 umebakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi.

DJwaArusi
Shekhe, hesabu hiyo unaipiga vibaya. Sehemu moja ya kumi ya data si sehemu moja ya kumi ya muziki. MP3 ya 320, au hata 256, iliyotengenezwa vizuri kutoka kwenye CD, chezesha watu wote wa ukumbini, hakuna atakayenyanyua mkono akasema hii si CD. Mimi hufanya kazi hii kila wikendi. Kinachoua sauti ni faili iliyogeuzwa na kugeuzwa: mtu ameitoa video mtandaoni, akaifanya MP3, mwingine akaigeuza AAC, aina nyingine inayotupa sauti, wa tatu akairudisha MP3. Kila ukigeuza unatupa tena.

Na wewe uliyeanzisha mada: kugeuza MP3 iwe FLAC hakurudishi kitu. Faili itanenepa tu, kilichotupwa hakirudi. Kama CD unazo, anza upya kutoka kwenye CD. Kama huna, tulia.

SikioLaNyali
Kwa hilo la kutorudi nakubaliana nawe. Kwa hilo la ukumbini, sikubali. Ukumbini si mahali pa kupima sauti.

AmiBaharia
Wanangu mnasahau MiniDisc. Nilikuwa melini, na bandari za Japani zilikuwa zimejaa. Sony waliitoa 1992. Sahani ndogo ndani ya kasha, dakika 74, inarekodi, unakata na kupanga nyimbo palepale mkononi. Hairuki ukitembea, maana inasoma mbele kwanza na kuweka kwenye kumbukumbu. Niliipenda kuliko chombo chochote. Lakini wale watu walitufungia. Zile za NetMD unaingiza nyimbo kutoka kwenye kompyuta, lakini ukitaka kutoa ulichorekodi mwenyewe kwa maiki, chombo kinakataa. Mpaka ilipotoka mashine ya MiniDisc ya MZ-RH1 mwaka 2006, na hiyo bei yake leo haishikiki. Nina maulidi niliyorekodi mwenyewe Lamu, yamo kwenye sahani. Nayatoa kwa waya kutoka tundu la hedifoni, kwa muda uleule wa kusikiliza. Dakika 74 kwa dakika 74.

KijanaWaLikoni
Ami, iPod je? Mimi nilipewa ya mtumba na shangazi, yenye diski ndani. Nikaiunganisha na kompyuta nikitaka nitoe nyimbo zake, nikakuta folda zimefichwa na faili zina majina ya herufi nne nne zisizo na maana.

DJwaArusi
Hizo herufi ndivyo iPod inavyohifadhi. Jina la wimbo na muimbaji limo ndani ya faili, kwenye lebo yake. Zinakili zote, kisha tumia programu ya kusoma lebo izipe majina upya. Ya kwanza ilikuwa ya 2001, GB 5, na Apple wameacha kuzitengeneza 2022. Ile diski ikifa kuna watu wanaitoa na kutia memori kadi mahali pake. Betri ikianza kuvimba usiichaji tena, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Februari hapa ndani ya gari ni tanuri.

BintiTudor
Nilikuwa nasoma tu, lakini mlipotaja kanda nimeshindwa kunyamaza.

Nyanya yangu alikuwa muimbaji wa vugo. Waliokulia Mji wa Kale wanajua vugo: wanawake peke yao, pembe zinagongwa kwa vijiti, mmoja anatoa, wenzake wanapokea. Kwenye arusi ya mama mdogo, miaka ya themanini, mjomba aliweka redio kaseti kizingitini akarekodi. Hiyo ndiyo sauti pekee ya nyanya tuliyo nayo. Alifariki kabla simu za kurekodi hazijaingia nyumbani kwetu. Kanda ilikaa kabatini, imefungwa kwenye leso, ikitolewa Idi na siku za arusi.

Mamangu alipoanza kuumwa akawa anataka kuisikia kila siku. Nikaogopa utepe usije ukakatika, nikaipeleka duka moja mjini wanaohamisha kanda kuwa CD. Jina lake sitaji. Nikawaambia kwa mdomo wangu, hii haina nakala. Wakasema hakuna neno, rudi kesho.

Nikarudi, wakanipa CD. Naitia nyumbani, ni faili moja ya MP3, kilobiti 32, na nyuma ya sauti panavuma panka. Hawakuunganisha waya! Waliweka maiki mbele ya spika, katikati ya duka, panka liko juu.

Nikasema basi, kanda ninayo. Nikaitia kwenye redio ya mama. Upande A unaanza vizuri, pembe, vigelegele, nyanya anaingia. Mara: kak. Kisha sauti ya kijana: "Chapati ngapi? Leta mbili na maharagwe." Mtu anacheka. Pikipiki inapita. Kiti kinaburutwa. Yanaendelea hayo, halafu kak nyingine, nyanya yuko ubeti wa mwisho.

Mtu alibonyeza kurekodi badala ya kupiga. Mama alikuwa kitandani ananitazama. Akaniuliza, "Huyo ni nani?"

Nilirudi pale dukani. Mwenye duka akanijibu kanda nilileta ikiwa hivyo.

MamaZuwena
La hawla. Mwanangu, pole sana. Sote tungekuwa na hasira.

KijanaWaLikoni
Hilo la chapati limeniumiza hapa nilipo kwenye feri.

TuktukBamburi
Dada, tutajie duka hilo watu wajiepushe nalo.

BintiTudor
Hapana. Sitaki kesi. Ninachotaka kujua ni kama zile dakika zinaweza kurudi.

SikioLaNyali
Kuna maabara za polisi, ulaya huko, wanarudisha sauti iliyofutwa. Usikate tamaa.

FundiWaMakupa
Ndugu, usimpe mtu matumaini ya hewa. Dada, nitakwambia ukweli. Redio kaseti ikiwa inarekodi, utepe hupita kwanza kwenye kichwa cha kufutia, ndipo ufike kwenye kichwa cha kurekodi. Kilichopitiwa pale kimekwenda. Mimi sijaona kikirudi.

Lakini kilichobaki kinaweza kutoka vizuri kuliko hiyo CD mara nyingi. Kwanza, tazama mgongo wa kanda, ule ukingo wa juu. Kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Vivunje leo, kabla hujalala. Vikivunjika, mashine haiwezi kubonyezwa irekodi. Nyote mnaosoma, mwenye kanda asiyo na nakala afanye hivyo sasa hivi. Hilo duka lingeshindwa kuharibu kama vingekuwa vimevunjwa, na wao wenyewe ndio waliopaswa kuvivunja kabla ya kuitia mashineni.

Pili, usiipige tena kwenye redio ya mama. Kichwa kikiwa kichafu kinakwaruza. Na kichwa kikikaa upande kidogo, sauti za juu zote hupotea, vigelegele vinakuwa vya chumba cha pili. Kuna skrubu ndogo pembeni mwa kichwa, ndiyo inayorekebishwa kwa sikio mpaka sauti ifunguke. Kila kanda ina mkao wake, kwa kuwa kila redio iliyorekodi ilikuwa na mkao wake.

DJwaArusi
Akishamaliza fundi, mimi nitakuwa na kompyuta. Waya kutoka kwenye deki moja kwa moja, WAV, faili isiyobanwa, ya biti 24, sampuli 48,000. Hiyo WAV haiguswi. Igeuze FLAC kwa kuhifadhi, maana FLAC haitupi chochote, inapunguza tu, kiasi cha nusu hivi. Kutoka hapo ndipo utoe MP3 au Opus, faili ndogo, ya kutumia familia.

KijanaWaLikoni
Kwani asirekodi kwa simu akatuma kwa WhatsApp? Haraka.

DJwaArusi
Haraka ndiyo iliyotufikisha hapa. Rekoda za simu nyingi za zamani zinatoa AMR: sampuli 8,000 kwa sekunde, kila kilicho juu ya hezi 4,000 hakipo. Imetengenezwa kwa mazungumzo. Pembe na vigelegele zitabaki nusu.

MamaZuwena
Na kuhifadhi? Mimi zangu nimeziweka kwenye kopo la biskuti na mchele chini, zivute unyevu.

FundiWaMakupa
Mchele una unga. Unga ukiingia kwenye utepe ni msasa. Tumia vile vipakiti vya jeli vinavyokuja na viatu.

TuktukBamburi
Friji?

FundiWaMakupa
Ukiitoa itatoka jasho. Hapana!

SikioLaNyali
Nimesikia kanda zinaokwa kwenye oveni ya moto mdogo.

FundiWaMakupa
Hizo ni tepu kubwa za rili, za aina fulani za miaka ya sabini na themanini ambazo gundi yake hunyonya maji. Kanda ya kaseti ukiioka umeipika. Tafadhali, mtu asijaribu.

AmiBaharia
BintiTudor, binti yangu, sikia la mtu mzima. Kanda za arusi zama zile hazikuwa moja. Mwenye redio ya milango miwili alinakili akampa jirani, jirani akapeleka Lamu, mwingine akaipakia kwenye sanduku la kwenda Maskati. Tulikuwa tukibeba sisi wenyewe. Mjomba aliyerekodi angali hai? Muulize alimpa nani.

BintiTudor
Yu hai, yuko Kisauni. Anasema bibi arusi alichukua nakala alipohamia Dubai, na sijawahi kufikiria kumuuliza mama mdogo kama anayo. Nampigia sasa.

PwaniMpya
Samahani nimechelewa. Zile mashine ndogo za plastiki zenye waya wa USB za kugeuza kanda, zinafaa? Nimeziona Biashara Street.

FundiWaMakupa
Kwa kanda ya kujifunzia, sawa. Kwa kanda ya nyanya wa mtu, hapana, mwendo wake unayumba. Tafuta deki ya mezani ya zamani, hata kama haizunguki. Mkanda mimi nitautia.

BintiTudor, ya kwako usitume na mtu. Njoo nayo mwenyewe baada ya alasiri, nitafunga mlango na kuzima panka.