Wakuu naunga kompyuta yangu ya kwanza ya gemu, nina milioni 1.4, nisaidieni nisipigwe

kinda_la_tandale
Habari zenu wakuu, niende moja kwa moja. Miaka miwili nacheza gemu kwenye laptop ya kazini ya bro na sasa feni yake inalia kama mashine ya kusaga, nimejichanga nimefika milioni moja na laki nne. Monita ninayo tayari, anko kanipa, ni ya 1080p hertz 75, kibodi na mausi vipo. Gemu zangu ni FC (ile ya mpira), GTA V, Valorant, afu ndoto yangu ni Red Dead 2. Mambo ya 4K sina shida nayo, nataka tu icheze bila kukwamakwama.

Jana nimezunguka Kariakoo jamaa mmoja akanipigia hesabu: prosesa Core i7, RAM 16, grafiksi kadi GTX 1650, hadidiski 1TB, na keisi ya kioo yenye taa za rangi, pawa saplai ya wati 600 imo humohumo ndani ya keisi "bure". Kaniambia "i7 hiyo mdogo wangu, hakuna gemu itakayokushinda" na inabaki chenji ya laki na kitu. Sijatoa hela bado. Nitoe?

bisibisi
Usitoe. Rudi umuulize i7 YA NGAPI. Hilo neno i7 peke yake ni sawa na kuambiwa "gari ni Toyota", Toyota gani sasa? Angalia namba inayofuata baada ya kistari, nabeti ni i7-3770 au ndugu yake, hiyo ni jenereshoni (kizazi) ya 3, imetoka 2012. Kori 4 thredi 8, yaani vichwa vinne vinavyobeba kazi nane kwa pamoja. Core i3-12100 ya 2022 nayo ina kori 4 thredi 8 na inaiacha mbali sana, i3 hiyo bana. Na hapo kuna jingine, Windows 10 imeachwa kuhudumiwa tangu Oktoba 14, 2025, Windows 11 kwa upande wa Intel inapokea rasmi kuanzia jenereshoni ya 8, na Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (vifaa vya usalama vya kompyuta yenyewe) viwashwe. Kwahiyo ukiweka Windows 11 humo, walau gemu moja kati ya nne zako itakugomea mlangoni.

Kwa hela yako mimi ningeenda hivi: Ryzen 5 5600, mazabodi (bodi kuu) ya B450 au B550, RAM 16 ila ziwe mbili za 8 sio moja ya 16, SSD ya NVMe (diski ya kasi inayochomekwa kwenye mazabodi) walau GB 500, kadi RX 6600 ya GB 8. Kadi ndio imeze hela nyingi, karibu theluthi au zaidi, prosesa isikuumize kichwa. Keisi nunua mbaya yenye matundu mbele, hicho kioo na joto la Dar utaoka keki humo ndani.

Hadidiski mwachie, Red Dead 2 peke yake inakula GB 150, ukiiweka kwenye hadidiski utapika ugali ukale ukiwa unasubiri ifunguke.

mzee_wa_mtumba
Bisibisi unampa kijana orodha nzuri ila ukisema vyote viwe vipya milioni 1.4 haitoshi, hasa RAM zilivyopanda kuanzia mwisho wa 2025. Mimi nina njia ya kimaskini na nimeipita mwenyewe. Tafuta Dell OptiPlex 7060 ya mtumba, ile ndefu ya tower, yenye i5-8500. Hiyo ni jenereshoni ya 8, kori 6, Windows 11 inaingia bila kesi. Chomeka GTX 1650 isiyo na waya wa umeme, ile inayokunywa wati zake 75 kwenye sloti tu, umemaliza. Hela inabaki unanunua na kiti.

Angalizo usibebe ile fupi nyembamba, humo kadi ya kawaida haiingii mpaka utafute zile zilizokatwa nusu kimo na kuzipata ni kazi.

bisibisi
Mzee sikatai, kwa mtu wa laki saba ningemwambia hivohivo. Shida ni kesho yake. Pawa saplai ya hizo Dell ina plagi zake zenyewe na haina waya wa pini 8 wa kulisha kadi, akitaka kupanda kwenda RX 6600 anaanza kubadilisha pawa saplai, pawa saplai ya kawaida haiingii mpaka adapta, mwisho anabaki na keisi ya Dell na stress. Dogo ana hela ya kuanzia kwenye njia inayoendelea.

dada_volti
Mnabishana prosesa wakati kitu kitakachomuua dogo kimeshatajwa pale juu, PAWA SAPLAI YA BURE.

Mimi mashine yangu ya kwanza nilipewa ya bure hivohivo na keisi, imeandikwa wati 600 kwa herufi kuubwa za dhahabu. Mwezi wa pili umeme ukakatika usiku ukarudi kwa fujo, nikasikia paa, harufu ya plastiki, na haikufa peke yake, iliondoka na mazabodi pamoja na SSD yenye picha zangu za chuo. Muuza duka nilipomrudia akaniuliza kama nilikua na stebilaiza. Sikua nayo, kweli, lakini na yeye hakusema.

Sasa kinda sikiliza, usisome herufi kubwa, geuza ubavuni kuna kijedwali. Tafuta mstari wa volti 12, soma ampea zake, zidisha. Ikiwa ampea 25 basi 12 mara 25 ni wati 300, hiyo 600 ni ya kwenye stika tu, maana prosesa na kadi vyote vinakula kwenye hiyo volti 12. Unataka ya 550 ambayo volti 12 pekee inakupa 500 na kitu. Afu ibebe mkononi, nzuri ina uzito, hizi za bure ni nyepesi kama kopo la maziwa. Alama ya 80 Plus (ya kwamba haipotezi umeme) nayo nimeshaiona imegandishwa kwenye takataka kwahiyo usiiamini peke yake, nunua jina linalojulikana na lenye warantii ya maandishi. Ikibaki hela yoyote iende kwenye UPS au hata stebilaiza, kabla ya taa za rangi.

kinda_la_tandale
Aisee asanteni sana, dada pole na picha za chuo. Nimerudi kwa jamaa nimemuuliza i7 ya ngapi kaniambia "ya kisasa", nikamwambia nifungulie nione, kumbe kweli 3770 😂 nimeondoka kimya.

Swali, nimepata mtu ana RX 580 GB 8 bei ya kuchekesha, na mwingine ana RX 6600 iliyotumika. Ile 580 si ina GB 8 hizohizo? Na hizi za mtumba nitajuaje hazijachoka?

bisibisi
GB 8 ni kabati tu, anayefanya kazi ni mwingine. 580 ni ya 2017 na inakula wati 185, 6600 ni ya 2021 inakula 132 na inaipita vizuri tu. Pia zipo 580 zilizoandikwa 2048SP, hizo zimepunguzwa nguvu ila wauzaji wanakata hayo maandishi ya mwisho. Nyingi zimetoka kuchimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana.

Ukienda kuiona 6600 usikubali "ipo fresh", iwashwe mbele yako. Nenda na flashi yenye programu ya GPU-Z uone jina lake kamili, afu FurMark, ile ya kuichosha kadi, dakika 20. Ukiona vidoti vya rangi kwenye skrini, au kompyuta inazima, au feni inakwaruza, aga kwa heshima uondoke. Angalia na skrubu za nyuma, kama vichwa vimeliwa ujue imeshafunguliwa.

mzee_wa_mtumba
Hapo naungana naye. Na mazabodi ya B450 ukinunua ya zamani uliza kama BIOS (programu ya ndani ya mazabodi) imepandishwa kupokea Ryzen za 5000, la sivyo utawasha feni zinazunguka picha hakuna, utaanza kumlaumu mchawi.

dada_volti
Kwenye kuunga usikimbilie keisi. Weka mazabodi juu ya boksi lake, prosesa, RAM, kadi, washa kwanza hapo mezani. Prosesa za AM4, kama hiyo 5600, pini ziko chini yake yenyewe, inakaa kwa uzito wake, ukijikuta unasukuma ujue umekosea kulinganisha alama ya pembetatu iliyo kwenye kona yake. Nyaya za umeme ni mbili kwenye mazabodi, ile pana ya pini 24 na ile ya juu kushoto ya prosesa, hii ya pili kila mgeni anaisahau. HDMI chomeka kwenye kadi, 5600 haina grafiksi ya ndani kwahiyo kwenye mazabodi hupati kitu. Ikiwaka ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), bila hivyo RAM ya 3200 itakimbia kwenye 2133 au 2400 na hakuna atakayekuambia.

kinda_la_tandale
Mrejesho wakuu, wiki tatu zimepita. 5600 mpya, B450 ya mtumba (BIOS niliidai ipandishwe palepale dukani), 6600 ya mtumba imepita FurMark, pawa saplai mpya ya 550 ampea nilizizidisha mwenyewe muuzaji ananishangaa. RAM ndio imenishinda, nimechukua moja ya 8 kwanza, najua najua, ya pili mwisho wa mwezi. Waya wa prosesa niliusahau dada, kama ulivyosema.

GTA V inateleza. Sasa kesi iliyobaki ni bi mkubwa, kaniuliza hilo dude linakula yuniti ngapi za LUKU, nimjibu nini?

bisibisi
Ukiwa ndani ya gemu kadi na prosesa na vingine piga wati 250 hivi. Masaa manne ni yuniti moja.

dada_volti
Mwambie pasi inakula zaidi. Na anza kupiga pasi wewe.