Wazee wa Kagera mliopo Unguja na Pemba, tupeane uzoefu

Mstaafu wa Bavuai
Asalaam aleykum. Juzi nimo ndani ya daladala, kijana kapakata ndoo ya bati. Gari likaruka shimo, ndoo ikaanguka: paa! Mie huyo chini ya kiti. Utingo akaniuliza, "Mzee, umeangusha pesa?" Nikamwambia ndiyo, shilingi mia mbili. Ningemwambia nini? Sasa nauliza, sie tuliorudi 1979 kutoka vita vya Kagera, kumpiga Idi Amin, tumebaki wangapi visiwani humu? Na nani bado anaonana na nani?

Baba Mkoani
Waalaykum salaam. Fataki za sikukuu mie hunikuta uvunguni.

Bint Makunduchi
Mie sikwenda, alokwenda baba. Hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba 1978 tuliisikiliza barazani kwa jirani mwenye redio: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Siku chache mbele ikaja Idi Kubwa, na baba hayupo. Aliporudi hakusimulia kitu. Lakini kila usiku akituhesabu kwa kidole, polepole, tukifika saba ndipo akizima kandili. Kafa na vita vyake, Mungu amrehemu.

Kilima cha Simba
Amin. Maulidi ya mwaka ule, Februari 1979, yalitukuta vilima vya Simba, huko Uganda. Mwenzetu wa Jambiani alianza kaswida kwa sauti ya chini, afande akamnyamazisha, kisha nikamsikia afande mwenyewe anaimaliza.

Kuli wa Malindi
Nilikuwa sitaki kuandika, ila hiyo ndoo imenichokoza.

Vita vilinikuta Dar, nabeba mizigo bandarini. Nikajiandikisha mgambo. Tukafundishwa haraka haraka, treni mpaka Mwanza, meli mpaka Bukoba. Machi tuko Lukaya. Aliyefika anapajua: barabara moja ya kwenda Kampala, huku kinamasi na huku kinamasi, mafunjo marefu kuliko mtu. Brigedi yetu, 201, karibu wote mgambo.

Tarehe 10 jioni Walibya, waliokuja kumsaidia Amin, wakatumwagia makombora. Baadaye tuliambiwa mengi yalipita juu. Lakini ukiwa chini yake hujui kuwa linapita, unajua linakuja. Mtu wa kwanza akageuka, wa pili, mie wa tatu. Nasema wazi leo: nilikimbia. Bunduki yangu, SAR, niliiacha kwenye matope, na kiatu kimoja.

Usiku nimejibanza kwenye mafunjo, maji kiunoni, vyura wanalia, na watu wanalia. Nikasikia mtu anakuja, nikasema ndo mwisho. Mara ikanijia harufu ya karafuu. Tulikuwa na Mpemba mmoja wa upande wa Wete, tukimwita Mkwezi. Jino lake bovu, kutwa katafuna karafuu, kaja nazo kutoka kwao zimefungwa kwenye kitambaa. Nikaita, "Mkwezi?" Akajibu, "Chukua bunduki yako, mjinga we, nzito." Kaibeba usiku kucha pamoja na yake.

Usiku wa 11 wenzetu wa 208 walizunguka wakaingia kwa nyuma, na sie tukarudi mbele. Nilipigana. Bunduki iko mkononi, nani angejua?

Tukaandikiana barua, yeye akitumia sanduku la posta la dukani Wete. Kisha nikahama nyumba, yeye akahama sanduku, basi. Hata jina lake kamili nimelisahau. Nalijua jino.

Baba Mkoani
Lo.

Mjuzi wa Mnazi Mmoja
Mzee samahani, mgambo walikuwa wa Bara. Wazanzibari walikwenda na jeshi.

Kuli wa Malindi
Nimesema nilikuwa Dar. Soma kabla ya kuandika.

Mjuzi wa Mnazi Mmoja
Nauliza tu. Maana sasa hivi kila mzee alikuwa Lukaya.

Kilima cha Simba
Wewe ulizaliwa lini yakhe? Mtu anayejitungia ushujaa hasemi kakimbia.

Mstaafu wa Bavuai
Yaacheni hayo. Kuli, nenda kwa sheha wa huko Wete, ana orodha ya wazee wote.

Baba Mkoani
Usimwendee sheha, atadhani unatafuta posho. Nenda msikitini Ijumaa.

Kilima cha Simba
Wete misikiti mingapi? Asubiri Siku ya Mashujaa, Julai 25, wazee hutoka na medali.

Baba Mkoani
Mtu wa jino bovu akatoke na medali? Nauli atapewa na nani?

Bint Makunduchi
Tangazeni redioni.

Mstaafu wa Bavuai
Redioni watu husikiliza matangazo ya vifo tu. Tangaza umekufa, Kuli, atakuja kukuzika, mtaonana.

Kuli wa Malindi
Akija atauliza bunduki iko wapi.

Mpwa wa Gando
Shikamooni wazee wangu. Hapa kwetu Gando yupo babu mmoja tunamwita Afande. Alikuwa akipanda mikarafuu mpaka miguu ilipomkataa. Ila huyu hana jino hata moja.

Kuli wa Malindi
Marahaba mwanangu. Mfukoni mwake je?

Mpwa wa Gando
Sijawahi kumnusa babu wa watu. Kesho alasiri nampelekea boga, ntakaa karibu.

Mjuzi wa Mnazi Mmoja
Muulize na brigedi.

Kuli wa Malindi
Usimuulize brigedi. Mwambie tu, "Ile nzito, mwenyewe kasema anaifuata."