Riwaya ya jini mahaba: nimweke chumba gani katika nyumba ya Lamu?

Binti Mkunguni: Asalaam aleikum wapendwa. Naandika riwaya ya msichana anayependwa na jini mahaba katika nyumba kongwe ya mawe, Lamu. Kila posa ikiletwa, inavunjika. Sitaki ngome za Ulaya na radi usiku kucha, hayo si ya kwetu. Jini akae wapi?

Fundi Chokaa: Mwanangu, usimpeleke darini. Nimekarabati nyumba hizo. Ukitoka kiwandani, yaani uani, unaingia msana wa tini (ukumbi wa chini), kisha msana wa yuu (ukumbi wa juu), kisha chumba kiitwacho ndani. Kila ukivuka, sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Vyumba ni virefu na vyembamba, maana boriti za mikoko hubeba dari la upana wa kama mita 3 tu. Nyuma kabisa kipo chumba kiitwacho nyumba ya kati, palipooshewa maiti na kuzalia wanawake. Hapo ndipo pake.

Somo wa Langoni: Mimi ningeanzia kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo. Msichana anapanga sahani za kaure jioni, asubuhi moja imegeuzwa. Harufu ya udi inasikika, na chetezo ki baridi. Lakini tafadhali dada, jini huyo apende kwa dhati! Tumechoshwa na majini ya kunyonga watu.

Binti Mkunguni: Shikamoo Fundi, ahsante sana. Sasa nimeona: bibi yake alioshewa nyumba ya kati, na jini alimpenda bibi kwanza. Somo, ile sahani naichukua.