Nimemkosea mtoto wa awali kwa picha ya familia, nirekebishe vipi?

Mwalimu wa Ngamiani:
Habarini wadau. Nafundisha darasa la awali hapa Tanga mjini. Wiki iliyopita mada ilikuwa familia. Nikachora ubaoni baba, mama na watoto wawili, kisha kila mmoja achore ya kwao. Mmoja akachora bibi, mjomba na simu. Nikamwambia simu si mtu, futa, mchore mama. Akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Nikamuuliza baba yuko wapi, akanyamaza, wenzake wakamjibia: "Hana!"

Tangu juzi haji. Jirani yao ndiye aliyenieleza: mama yuko Muscat, kazi za ndani, kila usiku anapiga simu ya video mpaka mtoto alale. Nimekosa raha. Niende kwao? Nikaseme nini?

Bi Mkubwa Pongwe:
Nenda leo leo. Usimwite bibi shuleni, atadhani mjukuu kafanya kosa. Kaa naye mkekani, sema umekosa, basi. Na usimpe mtoto pole kama mfiwa, mama yake yu hai! Mimi nalea wajukuu watatu. Maswali hayaniudhi, inaniudhi ile sauti ya kuhurumia.

Mzee wa Sahare:
Tusikuze mambo. Familia ni baba, mama na watoto. Mtoto azoee ukweli.

Mdigo Asilia:
Shikamoo mzee. Lakini kwetu Wadigo, zamani mtoto alihesabiwa kwa mjomba, hata urithi ukapita huko. Na mwenye baba wa wake wawili achore nyumba ipi? Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa hiyo. (Tena hapa Tanga, nani hakuwa na nyumba ya pili ya kudoea chakula utotoni?)

Mzee wa Sahare:
Marahaba. Mjomba simkatai. Wasifundishwe tu kwamba baba hana kazi.

Mama Awali Muheza:
Mwenye baba atamchora, mzee wangu. Mimi siulizi tena baba na mama wako wapi. Nauliza: nani kakuamsha leo? Nani kakupa chai? Ukianguka unamlilia nani? Wanaotajwa ndio wanaochorwa. Na naanza na picha yangu mwenyewe: mimi, mwanangu, na shangazi aliyenilea. Tazama na fomu ya kuandikisha. Kama ina "jina la baba" tu, weka na nafasi ya mlezi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaja mlezi pamoja na mzazi. Wale waliosema "Hana" usiwagombeze. Walisoma ubao wako.

Mwalimu wa Ngamiani:
Mama Awali, hapo umenichoma, ila ni kweli.

Nimetoka kwao sasa hivi. Bibi kanipa chai ya mchaichai, nikaomba radhi, akasema yaishe. Mtoto alikuwa kajificha nyuma ya mlango. Nikatoa karatasi mpya, nikamuuliza simu ilikuwa rangi gani. "Nyeusi, ina ufa hapa." Kaichora na ufa wake, na kesho anakuja.

Sasa jingine. Ijumaa asubuhi watoto wataonyesha picha zao. Bibi anasema Ijumaa ndiyo siku mama anayopumzika, anaomba apige wakati huo amwone mwanawe. Mwalimu mkuu hataki simu darasani kabisa. Nimwingieje?