Je, Abiria wa Meli ya Utalii Aruhusiwe Kufuta Ada ya Huduma?

Mleta hoja, South B:

Swali ninaloliweka mbele yenu ni hili: je, abiria wa meli ya utalii apewe ruhusa ya kufuta ada ya huduma inayotozwa kila siku kwenye akaunti yake? Msimamo wangu ni kwamba asipewe, na naongeza kuwa ada yenyewe ingefaa kuingizwa kwenye nauli, ili anayetandika vitanda melini alipwe na mwajiri wake kwa mkataba, kama anavyolipwa nahodha.

Huenda mtu akashangaa suala la bahari kujadiliwa Nairobi. Vijana wanaotafuta kazi hizo ni wetu. Bandari Maritime Academy ya Mombasa inawafunza, na kila mwaka wapo watokao Eastlands na Rongai wanaopanda ndege kwenda kupokea sare katika bandari ambazo wazazi wao hawajapata kuzisikia. Masharti ya malipo yao yanatuhusu kuliko yanavyomhusu mtalii.

Kwa asiyejua utaratibu ulivyo, kampuni kubwa za Marekani hutoza kila abiria ada ya siku. Royal Caribbean ilipopandisha yake mnamo Novemba 2023, ilifika dola 18 kwa mtu kwa siku katika vyumba vya kawaida na dola 20.50 katika vyumba vya hadhi ya juu. Kwa kiwango hicho cha kwanza, familia ya watu wanne inayosafiri siku saba inalipa dola 504 zaidi ya nauli iliyotangazwa, na kila kinywaji cha baa huongezewa asilimia 18. Lakini kwenye meli nyingi za aina hiyo abiria anaweza kufika kwenye dawati la wageni kabla ya kushuka, akaomba ada ya siku ipunguzwe au iondolewe yote, na akakubaliwa.

Hapo ndipo kasoro ilipo. Kama ada hiyo ingekuwa bakshishi, isingetozwa kabla huduma haijaonekana. Na kama ingekuwa bei, isingefutika kwa ombi la dakika mbili. Kwa hali ilivyo, ni sehemu ya mshahara ambayo mwajiri ameiacha mikononi mwa mteja pamoja na uwezo wa kuizuia. Mfanyakazi aliyekwisha kufanya kazi ya wiki nzima hajui atatuma nyumbani kiasi gani hadi wageni wa wiki hiyo washuke.

Sheria yetu imelitazama jambo hili kwa jicho bora zaidi. Risiti ya hoteli hapa mjini huwa na kodi ya VAT ya asilimia 16, tozo ya utalii ya asilimia 2, na mara nyingi ada ya huduma. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliiondoa ada ya huduma inayolipwa badala ya bakshishi katika thamani inayotozwa kodi, kwa sharti kwamba igawiwe wafanyakazi moja kwa moja kwa makubaliano ya maandishi kati yao na mwajiri, na isizidi asilimia 10 ya bei. Masharti hayo yamewekwa juu ya mwajiri, na mteja hakupewa kalamu ya kufuta chochote. Sisemi kwamba hoteli zetu hazina hila; katika mkahawa mmoja hapa jijini nilimwuliza mhudumu kama ada iliyo kwenye risiti yangu humfikia, naye akageuka kutazama kaunta kwanza ndipo akanijibu kwamba "huwa wanatuangalia." Hata hivyo, kipimo kipo, na anayekiuka anajulikana amekiuka nini.

Wanaodai kwamba biashara ya meli haiwezi kwenda bila ada hii wanasahau kwamba P&O Cruises ya Uingereza iliacha kutoza ada ya kila siku mwaka 2019, na meli zake bado zinaelea.

Mchangiaji, Kayole:

Ndugu mleta hoja, nimekusoma kwa makini, na kwa kuwa nimewahi kufanya kazi ya vyumba melini, naomba kutofautiana nawe. Wale waliotutangulia walitueleza habari za bahasha: usiku wa mwisho abiria alimpa bahasha mhudumu wa meza na wa chumba, basi. Mwosha masufuria na dobi, ambao wako sitaha za chini na hawaonani na abiria tangu meli ing'oe nanga hadi itie nanga, hawakupata hata senti. Ada ya kila siku ndiyo iliyowafikia, kwa kuwa huwekwa kwenye kapu moja na kugawanywa. Kwenye meli yangu, abiria aliyefuta ada ili anipe mimi noti mkononi hakuwa amenisaidia. Nilitakiwa kuirudisha noti hiyo kwenye kapu, na wenzangu walikuwa wamekwisha kupoteza fungu lao.

Tena, ukiiingiza pesa hiyo kwenye nauli, itakuwa mapato ya kampuni kama mapato mengine. Siku wakubwa wakiamua kubana matumizi, watapunguza, na hakuna abiria atakayejua. Leo angalau ada imeandikwa, na abiria anayetaka kuuliza inakwenda wapi ana mahali pa kuanzia.

Mchangiaji, Lang'ata:

Mimi naongea kama mteja. Nauli inatangazwa kwa bei moja, nami nalipa nyingine, kwa dola ambazo nimezinunua kwa shilingi. Nikihudumiwa vibaya wiki nzima, mnataka ninyang'anywe hata ule uwezo mdogo wa kukataa kulipia ubovu? Wekeni ada kwenye nauli kama mnataka, lakini maadamu mnaiita ada ya huduma, niachieni haki ya kusema huduma sikuiona.

Mleta hoja, South B:

Nianze na ndugu wa Lang'ata, kwa kuwa jibu langu kwake ni fupi. Matatu ikikuchelewesha Mombasa Road, unalalamika kwa chama au kwa mwenye gari, wala hudai makanga wa gari hilo na wa magari mengine kumi wakatwe mshahara. Ada unayoifuta kwa sababu ya mhudumu mmoja ni ya dobi na mwosha masufuria vilevile, kama ulivyoelezwa. Kuhusu bei iliyotangazwa kutolingana na inayolipwa, tuko pamoja.

Kwa ndugu wa Kayole, hofu yako kwamba kampuni itaimeza pesa ni ya haki, ila dawa yake iko kwenye mkataba wa kazi. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, humhesabu kuwa baharia mtu yeyote anayefanya kazi yoyote melini, mhudumu akiwemo. Mkataba huo wa kimataifa unataka mkataba wa kazi wa baharia utaje kiasi cha mshahara au kanuni ya kuukokotoa, na unataka apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika siku saba. Unakataza pia wakala kumtoza baharia kwa kumtafutia kazi, jambo ambalo wengi wanaolipa "ada ya usajili" hapa mjini hawajaambiwa.

Najua meli hizi nyingi zimeandikishwa Bahamas, Panama au Malta, na sheria zetu za kazi haziwafuati vijana huko. Lakini wakala anayewaajiri kutoka hapa yuko chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na hapo tuna mkono. Napendekeza kwamba wakala asiruhusiwe kumsafirisha Mkenya kwa mkataba usiotaja kipato kilichohakikishwa ambacho hakitegemei uamuzi wa abiria. Ndugu wa Kayole, mkataba wako ulikuwa na kipengele cha namna hiyo?

Mchangiaji, Kayole:

Ulikuwa nacho. Nilikitambua meli ilipoingia gatini kufanyiwa ukarabati, tukakaa bila abiria na kapu likawa tupu. Nikalipwa kile kiasi kilichohakikishwa, nacho hakikufika nusu ya nilichokuwa nimezoea kutuma nyumbani. Kwa hiyo pendekezo lako nitaliunga mkono ukiongeza jambo moja, kwamba Mamlaka iseme kiasi hicho kisipungue ngapi. Ikiachiwa kampuni ijaze nafasi hiyo yenyewe, itaandika kile nilicholipwa gatini.